Hewa Moja, Mishumaa Sita

Kitinda mimba wangu alipokaribia miaka sita aliniletea simu ya mjomba wake jikoni, nikiwa natwanga sombe. Kwenye kioo cha simu watoto wa nchi za mbali walikuwa wamevaa makoti meupe na miwani mikubwa kuliko nyuso zao. Moshi wa rangi ulifuka mezani, na keki yenye umbo la roketi ilikuwa ikingoja kisu. "Mama," akasema, "nataka anivasere kama hii. Ya sayansi."

Nilitaka kucheka. Huku kwetu anivasere, yaani sherehe ya siku ya kuzaliwa, ni wali, kuku akipatikana, soda, na jirani mwenye redio ya sauti kubwa. Lakini nilimtazama mtoto, nikatazama nje ya dirisha, kicheko kikanikauka. Tunaishi Lwiro. Ukisimama mlangoni kwetu unaona mapaa ya majengo ambayo watu wamevuka bahari kuja kufanyia sayansi.

Kwa asiyepajua, Lwiro iko kilomita kama 45 kaskazini mwa Bukavu, katika eneo la Kabare. Unapita Miti, unapita Kavumu na uwanja wake wa ndege, kisha unaiacha barabara ya Katana na kupanda upande wa mlima Kahuzi. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati iliyojulikana kwa herufi IRSAC, na hapa ndipo walipoijengea makao. Leo panaitwa CRSN, Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia. Humo mna maktaba, samaki na nyoka waliohifadhiwa kwenye chupa, wadudu waliochomwa pini, na mashine za kusikiliza ardhi inapotetemeka. Jirani yake, tangu mwaka 2002, kuna kituo cha kulea nyani na sokwe walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Sokwe peke yao wamepita mia moja, na wakianza kudai chakula chao mtaa mzima unajua.

Baba yangu alifanya kazi kwenye maabara miaka mingi. Hakuwa mtafiti. Aliosha chupa, akapanga visanduku vya wadudu, akaandika vibandiko kwa mwandiko ambao mpaka leo naujaribu siuwezi. Wajukuu wanamwita koko, ndivyo babu anavyoitwa kwetu, naye kwa utani wa kikwetu humwita binti yangu "bibi yangu", yaani mke wangu. Kwa hiyo mtoto alipotaka sherehe ya sayansi, nilijua mlango wa kubisha.

Kitu kimoja kinatosha

Jioni ile nilimpelekea baba orodha. Nilikuwa nimeandika mambo kumi na moja: volkano, roketi ya chupa, upinde wa mvua kwenye glasi, sumaku, na mengine niliyoyaokota kwenye simu. Aliisoma yote hadi chini, akavua miwani.

"Mama, hii ni anivasere au ni soko la Kadutu?"

Nikanyamaza.

"Watashangaa mara kumi na moja, na wakifika kwao hawatakumbuka hata moja. Chagua kitu kimoja. Ukifuate ndani ya nyumba, uone kinaingilia wapi na kinatokea wapi."

Kitu tulichochagua hakionekani, hakina harufu, wala hakishikiki: hewa ukaa, ile ambayo wanakemia huiandika CO2. Tunaitoa puani kila tunapopumua. Ndiyo inayoumua keki na ndiyo inayotoa povu kwenye soda. Na sisi watu wa Kivu tunayo nyingine, iliyolala chini ya ziwa letu, na nyingine inayotoka ardhini upande wa Goma ikaua mbuzi na watu. Mtoto wa Ulaya anaweza kuifahamu hewa hii shuleni akaisahau. Mtoto wa Kivu anahitaji kuijua.

Vifaa vilikuwa vichache: bikaboneti ya soda, ambayo wengine huiita magadi soda, chupa mbili za siki, maputo, mishumaa, soda isiyo na rangi, karanga, na jagi kubwa la maji. Hakuna kilichotoka ng'ambo kwa kuagizwa. Bei sitaji, maana faranga yetu haikai mahali pamoja.

Ijumaa ya aibu

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Ijumaa jioni, watoto walipolala, nilikaa na baba mezani kujaribu. Nikatia vijiko vitatu vya unga mweupe kwenye jagi, nikamimina siki. Nilitegemea povu lipande mpaka shingoni. Likapanda kidogo kama povu la sabuni iliyochoka, likakaa. Nikainamisha jagi juu ya mshumaa. Mshumaa ukaendelea kuwaka kama vile hatupo.

Baba alilivuta kopo la unga, akaligeuza kwenye mwanga, akanisukumia. "Soma."

Lilikuwa kopo la baking poda. Nilidhani ni kitu kilekile, na naamini wengi wetu tunadhani hivyo. Baking poda ni bikaboneti iliyochanganywa na asidi kavu pamoja na wanga wa kuifanya isipate unyevu. Imeshapangiwa kazi ya keki. Ukichota kijiko, bikaboneti iliyomo ni sehemu tu, na sehemu hiyo inagawana kazi na asidi yake yenyewe. Bikaboneti tupu haina mwenzake ndani ya kopo. Inamngoja siki au limau, na wakikutana, inatoa hewa ukaa kwa fujo.

Usiku ule mtoto wa kaka yangu alikwenda kugonga duka la dawa, ambako bikaboneti huuzwa kwa wenye kiungulia. Tukarudia. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, glasi moja ya siki iliyomiminwa polepole. Vipimo hivyo hutoa zaidi ya lita tatu za hewa, kiasi cha kulijaza jagi letu. Povu lilipotulia, baba akainamisha jagi bila kumwaga hata tone. Mshumaa ukazimika, moshi mwembamba ukalala ubavuni badala ya kupanda. Mimi, mama wa watoto wanne, nikapiga kelele kama mtoto.

Sema kwanza

Tulialika watoto tisa, wa miaka mitano hadi minane. Zaidi ya hapo mtu mzima hawezi kuona kila mkono unafanya nini. Tuliwaita saa nne asubuhi, kwa sababu Lwiro iko juu, mita zipatazo 1,700, na msimu wa mvua mawingu ya Kahuzi hayangoji mtu amalize keki.

Makoti ya maabara yalikuwa mashati ya zamani ya baba, yaliyovaliwa mbele nyuma, vifungo mgongoni, mikono imekunjwa mara nne. Kila mtoto alipewa karatasi mbili zilizokunjwa zikawa kijitabu, na penseli. Ukurasa wa kushoto ni wa "nadhani", wa kulia ni wa "nimeona". Asiyejua kuandika alichora.

Kisha koko akatoa sheria. Ya kwanza: kabla jambo halijafanyika, kila mtu aseme anadhani itakuwaje. Ya pili: kila mtu ana haki ya kuuliza "juu ya nini?", ambayo ndiyo "kwa nini" yetu ya Kivu. Ya tatu: hakuna kumcheka aliyeuliza.

Sheria ya tatu ina historia katika ukanda wetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi kwenye friji, aliweka maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza swali lilelile mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenzake wakamcheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi akapima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo wanafizikia wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado wanalibishania. Aliyeokoa swali lile ni mtu mzima mmoja aliyekwenda kupima badala ya kucheka.

Tukaanza na puto. Kijiko cha bikaboneti ndani ya puto, siki ndani ya chupa ya plastiki, puto likavishwa mdomo wa chupa. "Nikiinua puto, unga ukianguka, itakuwaje?" Watatu walisema chupa itapasuka. Mmoja akasema puto litalia. Binti yangu akasema litakunywa siki. Koko aliandika yote kwa mwandiko wake mzuri, bila kuonyesha nani kakosea, kisha akamwachia mwenye anivasere ainue. Unga ukaanguka, siki ikachemka bila moto, na puto likajikunjua, likajinyoosha, likasimama wima kama mtu aliyeitwa jina.

Hapo niliwaona wawili wameziba masikio. Februari 2025, vita vilipofika Kavumu na kisha Bukavu, watoto wetu walijifunza sauti ambazo mtoto hapaswi kuzijua, na puto linalopasuka limo. Kwa hiyo tulikuwa tumekubaliana mapema: kwetu puto halipasuliwi. Tulilifunga kwa uzi. Tukapuliza jingine kwa mdomo hadi likalingana nalo, na mvulana mmoja akapanda kitini, akayaachia yote mawili kwa wakati mmoja. Yalikuwa ya rangi moja na ukubwa mmoja, lakini la siki lilifika chini kwanza.

"Juu ya nini?" wakauliza kwa pamoja, na hawakuwa wakiniuliza mimi. Walikuwa wakiliuliza puto.

Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu. Hilo tu ndilo tulilotaka walibebe kutoka kwenye puto. Yote mengine ya siku ile yalisimama juu yake.

Karanga na ziwa

Tukaweka soda isiyo na rangi kwenye glasi ndefu, na kila mtoto akadondosha karanga mbili. Zikazama. Baada ya muda vipovu vikazishika, vikazibeba hadi juu, vikapasuka, karanga zikazama tena. Zilipanda na kushuka hivyo muda mrefu, na sikuhitaji kumnyamazisha mtu.

Koko akachukua chupa ambayo haijafunguliwa, akaipitisha mkono kwa mkono. "Munaona povu humu?" Hakuna. "Hewa iko wapi basi?"

Imo, ila imebanwa. Kiwandani huisukuma ndani ya maji kwa nguvu na kufunga kizibo. Kizibo kikiwepo, hewa inakaa imeyeyuka kama sukari kwenye chai. Kikitoka, inatafuta njia.

"Sasa," koko akasema, akionyesha kidole upande wa mashariki, "chupa kubwa ile kule."

Kutoka kwetu ziwa liko chini tu, upande wa Katana. Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 470, na katika maji yake ya chini imeyeyuka hewa ukaa inayokadiriwa kufika kilomita za ujazo 300, pamoja na gesi ya methani kama kilomita za ujazo 60. Kizibo chake ni uzito wa maji yenyewe. Maji ya chini yana chumvi nyingi na ni mazito, hayachanganyiki kirahisi na ya juu. Ndiyo maana sambaza wetu, samaki walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi katika tabaka la juu tu. Chini hakuna oksijeni ya kuvuta.

Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, akauliza: "Nani anafungua chupa?"

Kwa watoto jibu letu lilikuwa fupi: kuna watu ambao kazi yao ni kulipima ziwa, ili lisifunguke bila sisi kujua. Kwako wewe msomaji naongeza. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilijifungua lenyewe usiku, na hewa ukaa iliyotoka iliua watu wapatao 1,700. Ziwa Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuingia ziwani, na tabaka la chini halikutikisika. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt huvuta methani kutoka majini na kuifanya umeme, megawati kama 26. Jambo lilelile linaweza kuwa hatari au kuwa taa ya nyumbani, na tofauti inaletwa na wanaolijua. Mtoto wa miaka sita hahitaji kutishwa nalo. Anahitaji kujua kwamba swali lake lina kazi inayolipwa.

Mshumaa mfupi

Kabla ya keki, koko aliomba mapazia yafungwe. Akaleta beseni la kioo lenye kuta ndefu, lile la kuwekea matunda, na ndani yake akasimamisha mishumaa mitatu: mmoja mrefu kama shubiri, wa pili nusu yake, wa tatu kisiki tu. Akaiwasha mwenyewe. Akachukua jagi, akatia bikaboneti, akamimina siki kidogo kidogo, akalifunika kwa sahani na kungoja povu lilale.

"Nadhani," akawakumbusha. Penseli zikakwaruza.

Akainamisha mdomo wa jagi kwenye ukingo wa beseni. Siki haikumwagika. Kwa macho, mzee alikuwa akimimina utupu. "Koko, munamwanga nini?" mtoto mmoja akanong'ona. Kwa muda mfupi halikutokea lolote. Kisha moto wa kile kisiki ukajipinda, ukawa bluu, ukatoweka. Mzee hakusimama. Ukazimika wa katikati. Mrefu ukabaki peke yake, unatetemeka, halafu nao ukaenda.

Nilikuwa nimejiandaa kwa makofi. Kukawa kimya. Halafu binti yangu, anayekaribia kimo cha meza, akasema taratibu: "Aka! Basi miye njo ule mshumaa mufupi."

Katika chumba kile alikuwemo mama mmoja aliyekimbia kutoka Sake, magharibi mwa Goma, na sasa anaishi kwa ndugu zake karibu nasi. Alikuwa amekaa pembeni na mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyejibu, kabla yangu na kabla ya koko. "Kwetu tunaita mazuku," akasema.

Mazuku ni neno la Kiswahili la watu wa Goma, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua kama lilivyo, wanaliandika kwenye makala zao. Katika ardhi ya volkano upande wa kaskazini wa ziwa, hewa ukaa hutoka chini kupitia nyufa. Kwa kuwa ni nzito, inatiririka kama maji na kujaa kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri ambapo hakuna upepo wa kuitawanya. Huioni. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake, na mbuzi anayemfuata akaanguka. Mbwa huanguka, kuku huanguka, na mtoto hutangulia kabla ya mama yake.

Yule mama aliwaeleza watoto kile alichofundishwa na bibi yake. Ukiona ndege au mnyama amelala kwenye bonde bila jeraha, usishuke kumtazama. Usiiname. Geuka, panda juu, kawaite watu wazima. Watoto wakarudia: geuka, panda, ita. Nimehudhuria mafunzo mengi ya usalama katika nchi hii, yenye kalamu za bure na chakula cha mchana. Sikumbuki lililoingia vichwani mwa watu haraka kama lile.

Hewa hii na mshumaa ni marafiki wa zamani wa walimu. Katikati ya karne ya 18, Joseph Black wa Uskoti alionyesha kwamba kuna hewa nzito inayotoka kwenye mawe ya chokaa, inayozima moto, na ambayo pia tunaitoa kwa pumzi. London, kuanzia 1825, palifanyika mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, na Michael Faraday, mtoto wa mhunzi ambaye hakusoma shule sana, alitumia mhadhara baada ya mhadhara kueleza mshumaa mmoja tu. Kwa hiyo baba yangu, alipokataa orodha yangu ya mambo kumi na moja, alikuwa na wenzake.

Keki yenye vyumba

Hatimaye keki. Niliioka kwa ndizi mbivu, ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama tulivyofundishwa na mama zetu wasio na oveni. Mishumaa sita ikawashwa. Tukaimba kwa Kifaransa, tukaimba kwa Kiswahili, na mama mkwe akaongeza ya Kishi. Binti yangu alikataa kupuliza. Alipanda kwenye kigoda, koko akamshikia kiwiko, wakainamisha jagi pamoja, karibu kabisa na mioto. Minne ikazimika. Miwili ya pembeni ikakaidi, maana juu ya keki hakuna ukuta wa kuizuia hewa isitoroke. Hiyo akaipuliza kwa mdomo.

"Sasa nimetumia ile ya jagi na ile yangu," akasema, na kumbe alikuwa ameelewa kwamba ni hewa ileile.

Tulipokata, koko alitoa lenzi yake ya zamani ya kutazamia wadudu. Kila mtoto aliangalia kipande chake kabla ya kukila. Vitundu vile vidogo ndivyo vyumba ambamo hewa ukaa ililala wakati unga unaiva. Baking poda yangu ya Ijumaa, ile ya aibu, hapa ndipo ilipofanya kazi yake. Mvulana mmoja alihesabu vyumba hadi 40, kisha njaa ikamshinda.

Ya kuangalia

Ukitaka kufanya haya nyumbani kwako, shika mambo machache. Kiberiti ni cha mtu mzima peke yake, na nywele ndefu zifungwe. Siki ikirukia jicho inachoma: weka maji safi karibu, uoshe mara moja. Usifunge bikaboneti na siki ndani ya chupa kwa kizibo, hasa chupa ya kioo, maana itapasuka. Karanga nzima na vipande vya maputo viwe mbali na watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni, kwani vinaweza kuwakaba. Fanya kwenye chumba chenye hewa, na baada ya mishumaa fungua mapazia na madirisha.

La mwisho ni zito. Watoto wetu waliuliza kama mbabula, jiko letu la makaa, nayo inatoa hewa ya namna hii. Inatoa, lakini inatoa pia nyingine mbaya zaidi, monoksidi ya kaboni, ambayo haikai chini kama mazuku. Inaenea chumba kizima na kuua waliolala, warefu kwa wafupi. Usiku wa Lwiro una baridi, na kila mwaka kuna anayeshawishika kuingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Kupanda kitandani hakutakuokoa nayo. Makaa yabaki nje.

Mvua ilifika saa saba na nusu, watoto wakiwa wameshafika kwao na vijitabu vyao kifuani chini ya mashati ya koko, ambayo mpaka leo mawili hayajarudi. Jumatatu yake jirani alinisimamisha njiani kunilalamikia kwamba mwanawe sasa hali andazi kabla ya kulipasua na kuuliza nani kalala humo. Nilimwomba radhi, nikafurahi hadi nyumbani.

Siku ya mwanao ikikaribia, huna haja ya roketi wala moshi wa rangi. Chagua kitu kimoja cha mahali unapoishi, umwache aseme anachodhani, na usimcheke. Nenda duka la dawa ukanunue bikaboneti, usikubali baking poda, na ujaribu mwenyewe Ijumaa.